Usajili wa Wagonjwa Kisiwani Rusinga: Jina, Tarehe na Nambari

Makala haya yanalinganisha usajili wa wagonjwa katika zahanati za umma na kliniki za kibinafsi, kwa kurejelea kisiwa cha Rusinga, Kaunti ya Homa Bay. Kinyume na Uingereza, ambako mtu hujiandikisha kwa daktari wa familia, Mkenya huandikishwa upya kila aingiapo kituo kipya.

Katika zahanati ya umma, rejista ya karatasi hujazwa kwa mfuatano wa tarehe. Maelezo ya ugonjwa aghalabu huandikwa katika daftari ambalo mgonjwa hulinunua na kurudi nalo nyumbani. Likipotea, sharti akumbuke siku aliyotibiwa. Jina pekee halitoshi, kwani Rusinga, ambako Wasuba wengi sasa huzungumza Kijaluo, akina Otieno na Atieno (majina ya waliozaliwa usiku) ni wengi mno. Kliniki ya kibinafsi aghalabu humpa mgonjwa nambari na kumfungulia faili. Faili hiyo hupatikana upesi, ila haimfuati akihamia kwingine.

Kuanzia 2004, kuandikishwa kwenyewe kulitozwa shilingi 10 katika zahanati na 20 katika vituo vya afya vya serikali, hadi ada hiyo ilipofutwa 2013. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF, humtambua mtu mzima kwa nambari ya kitambulisho, awe katika kituo cha umma au cha kibinafsi chenye mkataba. Nambari hiyo huonyesha atakayelipa. Palipo na rejista ya karatasi, aliyougua mgonjwa mwaka uliopita yangali daftarini mwake.