Jirani Akikuomba Umsimamie: Hatua kwa Asiye Wakili, Geita na Shinyanga

Mwongozo huu ni wa yule anayegongewa mlango usiku kwa sababu anajua kuandika: Nyarugusu, Kahama, Kishapu, kila mahali yupo mmoja. Sheria haianzi kwa kupima ujuzi wako. Inauliza shauri liko mbele ya chombo gani. Fuata hatua kwa mpangilio.

Maana ya maneno: *mhusika* ni mwenye shauri. *Wakili* ni aliyesajiliwa na mwenye cheti hai cha uwakili. *Hati* ni maandishi yoyote yanayohusu mali au shauri.

Vifaa: daftari moja, kalamu ya wino, kalenda, na nakala mbili za kila karatasi ya mhusika.

1. Andika tarehe ya tukio kabla ya kusikiliza kisa. Kisa kinaweza kusubiri, muda wa sheria hausubiri. Hakiki tarehe kwa karatasi: barua ya kuachishwa kazi, cheti cha kifo, mkataba. Kumbukumbu ya mhusika peke yake haitoshi.

2. Bainisha chombo. Kuachishwa kazi: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Mirathi ya kimila au ya Kiislamu: Mahakama ya Mwanzo. Ardhi ya kijiji: Baraza la Ardhi la Kijiji. Mpaka wa leseni ya uchimbaji: Tume ya Madini. Sungusungu si chombo cha kuamua shauri. Walianzia huku huku Usukumani na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sheria ikawatambua mwaka 1989 kama walinzi. Faini wanayotoza si hukumu, hata ikisomwa mbele ya kijiji kizima.

3. Kataa malipo. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, kinamtia hatiani asiye wakili anayeandaa hati kwa malipo au kwa kutarajia malipo, na mzigo wa kuthibitisha kwamba hukulipwa ni wako. Mbuzi ni malipo. Gramu ya dhahabu ni malipo. Sehemu ya mgao wa duara, yaani shimo la wachimbaji, ni malipo. Ukiwa umeshapokea, rudisha kwanza, ndipo uendelee na hatua ya 4.

4. Andika jina na anwani yako kwenye kila hati uliyoiandaa. Kifungu cha 44 kinataka hivyo. Vishoka, yaani mawakili bandia, hawafanyi hili. Hati zao hazina mwandishi, na hapo ndipo utakapowatambua.

5. Shughulikia shauri la kazi, kama ndilo. Hapa mlango wako ni mpana kuliko popote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu mhusika kuwakilishwa CMA na ofisa au mwanachama wa chama chake cha wafanyakazi, wakili, au mwakilishi binafsi anayemchagua mwenyewe. Huyo wa tatu unaweza kuwa wewe.
   - Hesabu siku 30 tangu kuachishwa. Aliyeachishwa tarehe 3 Machi, mwisho wake ni tarehe 2 Aprili. Madai mengine ya kazi yana siku 60.
   - Jaza fomu CMA F1. Msomee mhusika kila mstari, kwa Kisukuma ikibidi, kisha asaini mwenyewe.
   - Peleka nakala kwa mwajiri kwanza. Hakiki: nakala yako ina muhuri au saini ya mpokeaji pamoja na tarehe. Bila ushahidi huo usiende CMA.
   - Siku zikiwa zimepita, ambatisha ombi la kuongezewa muda lenye sababu. Usibadilishe tarehe.

6. Uliza undugu, kama shauri ni la madai katika Mahakama ya Mwanzo. Mahakama inaweza kumruhusu ndugu au mtu wa kaya ya mhusika kumwakilisha, mhusika akiomba. Jirani si ndugu, hata kama mmechimba duara moja miaka kumi. Msindikize, keti nyuma, nyamaza.

7. Peleka mgogoro wa ardhi kwenye usuluhishi kabla ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui. Hakiki: usuluhishi ukishindikana, mhusika ana cheti cha Baraza la Kata kinachosema hivyo. Siku 30 zikipita bila suluhu, anaweza kwenda wilayani hata bila cheti hicho.

8. Kabidhi kilichobaki. Kiapo hakishuhudiwi na wewe. Kinaapwa mbele ya Kamishna wa Viapo au hakimu. Kesi ya jinai mpe wakili, na jina lake lihakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Mhusika asiye na uwezo mpeleke kwa mtoa msaada wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Orodha iulize Idara ya Maendeleo ya Jamii ya halmashauri. Ukitaka kazi hii iwe yako, omba mafunzo huko huko. Msaidizi wa kisheria anaelimisha, anaelekeza, anasaidia kupata nyaraka na kushauri suluhu. Naye halipwi na mhusika.

9. Rudisha karatasi zote halisi. Hakiki moja moja dhidi ya daftari, mhusika asaini kwamba amezipokea. Wewe baki na nakala.