Mswaki wa Isha Hautoshi Mpaka Asubuhi



Hadithi ya Abu Hurayra, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, tunaijua sote: lau Mtume (s.a.w.) asingechelea kuutia umma wake uzito, angewaamrisha kupiga mswaki katika kila swala. Hapa Lemon Gaba ninapokaa, nawasikia wenzangu wakiifanya hoja: "Nimepiga mswaki kabla ya Isha, yatosha." Kisha baada ya Isha huja chai yenye sukari tele, maandazi na kudurusu hadi usiku wa manane. Mtu hulala hivyo hivyo.

Hapo ndipo meno yanapoharibika. Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi inayomomonyoa tabaka gumu la nje la jino. Mchana mate huipunguza nguvu asidi hiyo. Usingizini mate hupungua sana, na asidi hufanya kazi yake bila kipingamizi.

Mswaki wa mti wa araki ni sunna na unasafisha. Menya gamba kiasi cha sentimita moja, tafuna ncha mpaka iwe nyuzi, sugua taratibu meno na ufizi, usiyasahau magego na upande wa ndani. Nyuzi zikichakaa, kata ncha uanze upya. Lakini kabla ya kulala, baada ya chai ya mwisho, ongeza dawa ya meno yenye floraidi kwa dakika mbili. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki ikilinda jino.

Wala usiku haukuachwa na sunna. Hudhayfa (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipoamka usiku alikuwa akisugua kinywa chake kwa mswaki.

Na Ramadhani je? Katika madhehebu ya Shafii, mswaki ni makruhu kwa aliyefunga baada ya jua kupinduka. Basi tumia nyakati mbili zisizo na utata: baada ya daku kabla ya alfajiri, na usiku kabla ya kulala.

Jino likiuma, usilinyamazishe kwa vidonge mwezi mzima. Muone daktari wa meno mapema, tundu likiwa bado dogo na linazibika. Kinywa tunachosomea Qur'ani ni amana.

Wabillahi tawfiq.