Mikumi si ya Kupita Tu

Wengi wetu tunaifahamu Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kupitia dirisha la basi la Iringa au Mbeya: twiga wawili, kundi la swala, kisha usingizi. Hifadhi hii ipo tangu 1964, ina zaidi ya kilomita za mraba 3,000, na ni mali ya umma. Safari hii shuka, uingie getini.

1. Beba kitambulisho cha taifa. Raia hulipa sehemu ndogo tu ya ada anayotozwa mgeni kutoka nje, lakini lazima uthibitishe uraia wako. Usitegemee fedha taslimu. Jiandae kulipa kwa simu au kadi.

2. Nenda kati ya Juni na Oktoba. Nyasi zimekauka, wanyama wanasogea kwenye maji, na macho yanafika mbali. Wakati wa masika udongo mweusi wa uwanda wa Mkata hunasa magurudumu, na gari dogo halitoki.

3. Lala mji wa Mikumi, alfajiri uwe getini. Jua likishapanda, simba hutafuta kivuli na hutamwona tena hadi jioni. Saa za mchana wape viboko bwawani.

4. Acha kumkimbilia simba. Hili naliweka mbele ya yote. Anayezunguka siku nzima akiuliza "Simba yuko wapi?" hurudi na vumbi. Zima injini karibu na maji, kaa nusu saa, tumia darubini. Utaona tembo jike akimpisha mwanawe anywe, ndege wakidonoa kupe mgongoni mwa nyati. Na swala wote wakisimama wima, masikio yameelekea upande mmoja, tazama huko huko: wao wamemwona simba kabla yako.

5. Punguza mwendo kwenye lami. Barabara kuu ya kwenda Zambia inaikata hifadhi katikati kwa takriban kilomita 50, na wanyama hugongwa hapo, hasa usiku. Matuta na vibao havikuwekwa kumkera dereva. Ukiwa abiria na dereva anakimbiza, mwambie. Una haki hiyo.

6. Usitupe hata ganda la ndizi. Nyani aliyezoea kulishwa na wasafiri huja kukaa barabarani, na hapo ndipo anapofia. Mahindi yako ya kuchoma yamalizie garini, gunzi lirudi nawe.

7. Usishuke garini pasiporuhusiwa, hata kwa picha moja.

8. Ukiwa na siku ya ziada, nenda Udzungwa. Kutoka mji wa Mikumi unashika njia ya Ifakara hadi Mang'ula. Kule hakuna kuendesha: unapanda kwa miguu msituni na mwongozaji hadi maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170 hivi. Vaa viatu vinavyoshika ardhi, beba maji na nguo ya kuogea. Chini ya maporomoko pana dimbwi la baridi kali.