Chavua na Askari wa Mwili

Mahindi ya Kibiti yatoapo mbelewele, upepo hupeperusha unga wa manjano shambani kote. Unga huo huitwa chavua. Wengi wetu huuvuta puani wala tusijue. Lakini mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akipiga chafya kutwa, macho yamemwiva, na wenziwe wakamcheka wakisema kwamba anakwepa jembe. Hakuwa mvivu, alikuwa na mzio.

Sikilizeni sababu yake. Katika damu yetu mna chembe nyeupe, ndizo askari watulindao na vijidudu vya maradhi. Kwa mtu mwenye mzio, askari hawa huidhani chavua kuwa adui, nayo si adui hata kidogo. Basi hutengeneza kingamwili, nazo hujishikiza juu ya chembe nyingine zikaazo puani na machoni, mfano wa mitego iliyotegwa. Chavua ikigusa tu, mitego hufyatuka, na chembe zile humwaga kitu kikali kiitwacho histamini. Hicho ndicho kiletacho chafya, mwasho na kamasi.

Mwaka 1911 daktari Mwingereza, Leonard Noon, alitengeneza dawa ya maji kwa chavua ya nyasi, katika hospitali ya St Mary's mjini London. (Mahindi nayo ni jamaa ya nyasi.) Aliwadunga wagonjwa kidogo sana, akaongeza taratibu, nao wakapata nafuu. Yeye alidhani chavua ina sumu. Hapo alikosea, lakini dawa ilifaa. Alikufa mwaka 1913, na mwenzake John Freeman akaendelea na kazi.

Leo sababu yajulikana. Chavua ikiingizwa mwilini kidogo kidogo, huongezeka chembe nyeupe ambazo kazi yao ni kuwatuliza askari wenye harara. Tena mwili hufanya kingamwili za namna nyingine, ambazo huidaka chavua njiani kabla haijafika kwenye mitego.

Kazi hiyo kwa kawaida huchukua miaka mitatu au zaidi. Wala mtu asijaribu kujitibu nyumbani kwa chavua, kwa maana koo laweza kuvimba na pumzi ikakatika. Ndiyo sababu mgonjwa akiisha kudungwa huketi mbele ya waganga nusu saa nzima, akiangaliwa.

Yule mwanafunzi wangu hakupata sindano. Tulimpa kazi ya kuchota maji, mbali na shamba, mpaka mbelewele zilipokauka.