Bomba la Jora: Zana za Kufundishia Kutoka Madukani Kariakoo

Katika vitabu vingi vya mbinu za ufundishaji vilivyoandikwa ng'ambo, mwalimu hushauriwa awaagize wanafunzi walete kutoka nyumbani mabomba ya boksi yanayobaki karatasi za chooni zinapokwisha. Shauri hilo ni jema huko lilikotoka. Kwa mwalimu atakayepangiwa shule ya Kariakoo, Ilala au Gerezani, tunaona lina kasoro kubwa. Nyumba nyingi za mitaa hiyo hutumia maji chooni, wala hazinunui karatasi. Mwalimu akitoa agizo hilo, watoto watano watakuja na mabomba na wengine themanini watakuja mikono mitupu, na mbele ya wenzao itajulikana ni nani kwao kunanunuliwa nini. Zana ya kufundishia haipaswi kuanza kwa kumtahayarisha mtoto. Tena, kitu kilichokaa chooni hakifai kupita katika mikono ya darasa zima katika jiji ambalo kipindupindu kimelizuru mara kadhaa, pamoja na mlipuko mkubwa ulioanza Agosti 2015.

Kwa bahati njema, bomba lililo bora zaidi limo mlangoni mwa shule hizo. Vitambaa vya mapazia na vya suti, vinavyouzwa kwa mita katika maduka ya Mtaa wa Uhuru, Mtaa wa Kongo na Msimbazi, huja vimeviringishwa juu ya bomba refu la boksi gumu. Jora likiisha, bomba hubaki. Mazulia ya plastiki nayo huja hivyo hivyo. Lakini mwanachuo asiende kuulizia katika duka la kanga, maana kanga hukunjwa, haziviringishwi. Asiende pia Jumamosi wala siku za kuelekea sikukuu, wakati mwenye duka hana hata nafasi ya kuitikia salamu. Na akumbuke kwamba boksi la Kariakoo lina wenyewe: wapo vijana wa mikokoteni wanaoyakusanya na kuyauza kwa kilo. Mabomba matatu au manne yatalitosha darasa. Kuchukua zaidi ya hayo ni kumpunguzia mtu riziki yake.

Bomba hukatwa kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, kwani kisu huliponda. Kipande cha urefu wa sentimita 20 kinatosha kwa zana ya kwanza, ambayo kwa maoni yetu ndiyo yenye faida kuliko zote, yaani bomba la silabi.

Mwalimu akate pete nne za karatasi ya manila, kila moja ikilizunguka bomba bila kulibana, ili iweze kuzungushwa kwa kidole. Pete ya kwanza na ya tatu ziandikwe konsonanti. Ya pili na ya nne ziandikwe irabu a, e, i, o, u. Ikiwa mzingo wa pete ni sentimita 14, kila irabu itapata nafasi ya sentimita 2.8, nayo itasomeka vizuri na kikundi cha watoto sita. Sasa pete ya kwanza isimamishwe kwenye k na ya tatu kwenye t, kisha watoto wazungushe irabu tu. Michanganyiko inayowezekana ni 25. Ndani yake mna kata, kati, kete, keti, kiti, kito, koti, kuta na kutu. Mchanganyiko mwingine, kama keto au kuto, mtoto ataweza kuusoma lakini hataupatia maana, na hapo ndipo somo lilipo. Mtoto aliyekariri ukurasa wa kitabu hawezi kujificha mbele ya bomba hili, kwa sababu neno lililotokea halikuwamo katika ukurasa wowote. Mwalimu asimkataze anayecheka "keto". Amwulize kwa nini anacheka.

Faida hii ni kubwa hasa katika madarasa yetu yaliyojaa. Tangu elimumsingi bila ada ilipoanza Januari 2016, uandikishaji katika darasa la kwanza uliongezeka sana, na mwalimu mmoja hawezi kumsikiliza kila mtoto akisoma. Mabomba kumi na manne huwawezesha watoto themanini na wanne kusoma kwa wakati mmoja, sita kwa kila bomba, huku mwalimu akipita baina ya vikundi. Hili si geni: walimu wa miaka iliyofuata Azimio la Musoma la Novemba 1974 nao walikuta madarasa yamefurika, wakahesabisha kwa vizibo vya soda.

Kwa madarasa ya juu, bomba hufundisha hisabati. Litazameni kwa makini: boksi lake limezungushwa kwa mshazari, kama utepe juu ya fimbo, na mshono wake hupanda kwa kuzunguka. Chukua bomba jembamba la boksi laini, kwa mfano lile la karatasi za jikoni, ulikate kwa mkasi kwa kuufuata mshono huo, kisha ulikunjue. Wanafunzi hutarajia mstatili, hupata msambamba. Bomba la pili, lililo sawa na la kwanza, likatwe wima kutoka juu hadi chini. Hilo ndilo litakalotoa mstatili. Waulizwe: ni lipi lenye eneo kubwa zaidi? Wengi watautaja msambamba, kwa kuwa unaonekana mrefu. Waacheni wabishane kabla ya kupima. Yote mawili yalikuwa bomba lile lile: kitako ni mzingo na kimo ni urefu wa bomba. Mzingo ukiwa sentimita 14 na kimo sentimita 22, eneo la kila moja ni sentimita za mraba 308. Kanuni ya eneo la msambamba, ambayo kwa kawaida huandikwa ubaoni na kunakiliwa, hapa huwa imeonekana kwa macho.

Katika sayansi, bomba linatosha kuusikiliza moyo. Mwaka 1816, mjini Paris, daktari René Laennec aliviringisha karatasi kuwa bomba, akaliweka kifuani pa mgonjwa na kuyasikia mapigo kwa uwazi kuliko alivyozoea. Kutokana na bomba hilo akabuni chombo ambacho madaktari hukitundika shingoni hadi leo. Wavulana wasikilizane wao kwa wao, na wasichana vivyo hivyo. Wahesabu mapigo kwa dakika moja wakiwa wametulia, kisha waruke kamba uwanjani na kuhesabu tena. Mtoto wa miaka kumi aliyetulia aghalabu hupata kati ya 70 na 110. Kwa kuwa kelele za Msimbazi huingia madirishani, kipindi hiki kiwekwe asubuhi, kabla magari na vipaza sauti vya wauzaji havijaanza.

Kuhusu vishikio vya kalamu na maua ya boksi, ambayo wanachuo hupenda kuyapeleka katika mazoezi ya kufundisha ili mkaguzi ayaone mezani, hatuna la kuongeza.

Mabomba yahifadhiwe juu ya kabati, mbali na sakafu, kwa sababu ya mchwa na mafuriko ya masika. Pete za karatasi zitachakaa kabla ya bomba. Ziandikwe upya kila muhula, na konsonanti zibadilishwe kufuatana na zile ambazo darasa limekwisha kujifunza.