Paka Anapokataa Kula: Somo la Lishe, Vimeng'enya na Kazi za Ini

Katika nyumba nyingi za Kawe, kama ilivyo katika pwani yetu yote, paka ni mkazi wa jikoni. Hakai hapo kwa ajili ya urembo. Hulinda unga na mchele dhidi ya panya, na ujira wake ni vichwa vya samaki na mabaki ya chakula. Kwa kuwa kazi yake ni ya kimya, ugonjwa wake nao aghalabu huanza kimya. Dalili ya kwanza ambayo watu wa nyumbani huiona ni kwamba chakula alichowekewa asubuhi kingalipo jioni, tena kimeingia sisimizi. Wengi husema, "Mwacheni, akiona njaa atakula."

Makala hii inakusudia kueleza kwa nini kauli hiyo ni ya hatari kwa paka kuliko kwa wanyama wengine wa nyumbani, na ni hatua zipi zifaazo kuchukuliwa. Walimu wa biolojia na kemia waweza kuitumia katika kufundisha lishe, vimeng'enya na kazi za ini, kwani mwili wa paka mmoja anayekataa chakula huyaonyesha mambo hayo yote matatu kwa pamoja.

1. Paka ni mnyama wa namna gani?

Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika, ambaye jina lake la kisayansi ni Felis lybica, na ambaye hata leo huonekana katika nyika za Tanzania. Uhusiano wake na binadamu ni wa kale. Mwaka 2004 ilitangazwa habari ya kaburi katika kisiwa cha Cyprus, lenye umri wa miaka 9,500 hivi, ambamo paka alizikwa karibu na mtu. Hata hivyo, maelfu ya miaka ya kuishi na wakulima hayakumfanya paka awe mla nafaka. Amebaki mla nyama halisi.

Mifano minne yatosha kuthibitisha jambo hili. Kwanza, mwili wa binadamu waweza kutengeneza vitamini A kutokana na rangi iliyomo katika karoti na mchicha. Mwili wa paka hauwezi, hivyo hana budi kuipata vitamini hiyo katika ini, samaki na vyakula vingine vya wanyama. Pili, paka hawezi kujitengenezea taurini ya kutosha, nayo hupatikana katika nyama na samaki. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba paka anayeikosa huharibika retina ya jicho, na mwaka 1987 ikaonyeshwa kwamba misuli ya moyo wake nayo hudhoofika. Tatu, mwaka 1978 iligunduliwa kwamba paka akila mlo mmoja tu usio na asidi ya amino iitwayo arginini, amonia huweza kujaa katika damu yake kwa muda wa saa chache na kumtia sumu. Nne, mwaka 2005 ilibainika kwamba jeni mojawapo inayohitajika ili kuonja utamu haifanyi kazi katika paka. Kumtilia sukari katika chakula ili kumshawishi ale ni kazi bure.

Kutokana na hayo twaona kwamba ugali uliolowekwa mchuzi waweza kumjaza paka tumbo bila kumlisha.

2. Nini hutokea mwilini mwake anapoacha kula?

Chakula kinapokosekana, mwili hutumia akiba. Akiba ya kwanza ni glikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa katika ini na misuli, nayo haidumu. Binadamu anapokosa chakula kwa siku nyingi, ini lake hupunguza kasi ya vimeng'enya vinavyovunja protini ili misuli isiishe upesi. Ini la paka lina uwezo mdogo sana wa kufanya hivyo. Limezoea kupokea nyama kila siku, na hata nyama isipokuja huendelea kuvunja protini kwa kasi karibu ile ile. Tofauti ni kwamba sasa protini hiyo inatoka katika misuli ya paka mwenyewe.

Wakati huo huo mafuta yaliyohifadhiwa chini ya ngozi na tumboni huachiliwa na kuchukuliwa na damu hadi kwenye ini. Kwa kawaida ini huyafunga mafuta hayo pamoja na protini, mithili ya mizigo inayofungwa bandarini, na kuyarudisha katika damu ili yakatumike kwingineko. Lakini protini imekwisha kupungua. Mizigo inaingia bandarini na haitoki. Mafuta hujaa ndani ya seli za ini, ini huvimba, na vijia vidogo vya nyongo hubanwa. Rangi ya nyongo hubaki katika damu, na hapo ufizi, weupe wa macho na ngozi ya ndani ya masikio hugeuka kuwa manjano. Ini lililoharibika huleta kichefuchefu, na kichefuchefu humfanya paka azidi kukataa chakula. Mwanzoni hakula kwa sababu aliumwa. Sasa anaumwa kwa sababu hakula.

Hali hii yaweza kuanza baada ya siku chache tu za kutokula, na aliye katika hatari kubwa zaidi ni paka mnene, wala si yule mwembamba. Mwenye nyumba hutazama unene wa paka wake na kusema kwamba akiba anayo. Akiba hiyo ndiyo itakayoliziba ini.

3. Sababu za kukataa chakula

Kukosa hamu ya kula si ugonjwa; ni dalili. Zifuatazo ni baadhi ya sababu.

(a) Pua iliyoziba. Paka hukitambua chakula kwa harufu kabla ya ladha. Virusi vya mafua ya paka huziba pua na kuleta vidonda ulimini, na mgonjwa huacha kula ingawa tumbo lake ni zima.

(b) Maumivu ya kinywa, kama vile jino bovu, ufizi uliovimba au mwiba wa samaki uliokwama.

(c) Uzi au mshipi wa kuvulia. Katika vitongoji vya pwani kama Kawe na Kunduchi, paka hulamba mshipi wenye harufu ya samaki na kuumeza. Ncha moja huweza kunasa chini ya ulimi na nyingine kushuka hadi utumboni. Mshipi huo usivutwe kamwe, kwani waweza kuukata utumbo kama kisu. Hii ni kazi ya daktari.

(d) Ukosefu wa vitamini B1, yaani thiamini. Aina nyingi za samaki wabichi zina kimeng'enya kiitwacho thiaminasi, ambacho huivunja vitamini hiyo. Katika miaka ya 1930 wafugaji wa mbweha huko Marekani waliona wanyama wao wakipooza na kufa baada ya kulishwa samaki wabichi, na uchunguzi wa jambo hilo ndio ulioleta ugunduzi wa kimeng'enya hiki. Paka anayelishwa matumbo na vichwa vibichi vya samaki siku baada ya siku huweza kupatwa na balaa hilo hilo. Dalili ya kwanza ni kupoteza hamu ya kula. Baadaye huyumba, kichwa chake huinamia kifuani, na mwisho hupatwa na kifafa. Akipewa thiamini mapema, aghalabu hupona.

(e) Sumu, hasa kwa kula panya aliyekula sumu, au kwa kupakwa dawa ya viroboto ya mbwa yenye pamethrini.

(f) Maradhi ya ndani, kama vile minyoo mingi, homa, ugonjwa wa figo na kuziba kwa njia ya mkojo.

(g) Mabadiliko ya makazi. Kuhama nyumba, kelele za sherehe au kuletwa kwa mbwa mgeni huweza kumtia paka hofu hata akaacha kula. Kadhalika yafaa kuuliza kama paka huyo halishwi kwa jirani.

(h) Kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu upo nchini mwetu na paka huupata pia. Paka anayeshindwa kumeza, anayedondokwa mate na ambaye tabia yake imebadilika ghafla asishikwe wala asitiwe vidole kinywani. Mtu aliyeng'atwa au kuparuzwa naye aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo ili apewe chanjo. Ugonjwa huu ukisha kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua.

4. Uchunguzi wa nyumbani

Ikiwa hapana dalili ya kichaa, mwanafunzi aweza kuchunguza na kuandika yafuatayo katika daftari:

Uzito: ajipime akiwa amempakata paka, kisha ajipime peke yake, na kutoa. Mizani inayotumika iwe ile ile kila siku.

Pumzi: paka aliyetulia hupumua mara 20 hadi 30 kwa dakika.

Joto: la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39 za Selsiasi, au zaidi kidogo. Kulipima ni kazi ya mtu mzima mwenye ujuzi.

Ufizi: uwe wa rangi ya waridi. Ukibonyezwa kwa kidole hugeuka mweupe, na rangi yapaswa kurudi kabla ya sekunde 2 kupita.

Maji ya mwili: ngozi ya mabegani ikivutwa juu na kuachiliwa yapaswa kurudi mara moja. Ikirudi polepole, mwili umepungukiwa na maji.

Aandike pia ni lini paka alikula mara ya mwisho, kama ametapika, na kama amekojoa. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maneno mengi.

5. Yafaayo kufanywa

Paka awekwe mahali pa kivuli, penye utulivu, karibu na maji safi. Pua yake ipanguswe kwa kitambaa kilicholowekwa katika maji ya uvuguvugu. Apewe kiasi kidogo cha samaki aliyechemshwa na kutolewa miiba, au kuku asiye na mifupa, bila chumvi, pilipili wala kitunguu. Chakula hicho kiwe na uvuguvugu wa kadiri ya joto la mwili, kwa sababu joto huongeza harufu. Supu aliyochemshiwa samaki isimwagwe, maana vitamini B1 huyeyuka katika maji. Chakula kisicholiwa kiondolewe baada ya muda mfupi.

6. Yasiyofaa

Asipewe dawa za binadamu. Kidonge kimoja cha parasetamoli cha miligramu 500 chaweza kumwua paka wa kilo 4, kwa kuwa ini lake limepungukiwa na kimeng'enya cha kuiondolea dawa hiyo sumu yake. Asipewe vitunguu, ambavyo huharibu chembe nyekundu za damu. Asilazimishwe kunywa uji au maziwa kwa kijiko, kwani majimaji huweza kuingia mapafuni. Tena paka aliyelishwa kwa nguvu akiwa na kichefuchefu huweza kukichukia chakula hicho hata baada ya kupona.

7. Wakati wa kumpeleka kwa daktari

Paka mzima asiyekula kabisa kwa saa 24 na apelekwe kwa daktari wa mifugo. Mtoto wa paka asingojewe zaidi ya saa 12. Paka anayehangaika kukojoa bila kutoa mkojo, anayepumua kwa shida, mwenye ufizi mweupe au wa manjano, au anayedhaniwa kula sumu, apelekwe saa ile ile. Asiyemjua daktari wa mifugo aulize ofisi ya kata yake. Paka achukuliwe ndani ya kikapu chenye mfuniko au sanduku lililotobolewa matundu, asibebwe mikononi.

8. Maswali na mazoezi

1. Paka wa kilo 4 huhitaji nishati ya kilokalori 60 hivi kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Ikiwa panya mdogo mmoja ana kilokalori 30, paka huyo ahitaji kula panya wangapi kwa siku?

2. Paka alikuwa na uzito wa kilo 4.0, na baada ya juma moja ana kilo 3.6. Amepoteza asilimia ngapi ya uzito wake? Mwanafunzi wa kilo 50 akipoteza asilimia hiyo hiyo, atakuwa na kilo ngapi?

3. Kwa kutumia ujuzi wako wa vimeng'enya, eleza kwa nini samaki aliyechemshwa haleti upungufu wa thiamini kama aletavyo samaki mbichi. Kwa nini, hata hivyo, haifai kumchemsha kwa muda mrefu mno?

4. "Paka wangu ni mnene, hata asipokula juma zima hapana neno." Ikosoe kauli hii kwa aya moja, ukitaja kazi ya ini.

5. Jadilianeni darasani: ni vyakula gani vinavyopatikana kwa bei nafuu katika soko la mtaani kwenu ambavyo vyaweza kumpatia paka taurini na vitamini A?

Mwalimu awahimize wanafunzi kuyapeleka majibu ya swali la 4 na la 5 nyumbani, wakawasomee wale wanaopika na kumwekea paka chakula kila siku. Hao ndio watakaokuwa wa kwanza kuona kwamba sahani haikuguswa, na saa 24 za kumwokoa huanza kuhesabiwa hapo.