Somo la Nyumbani: Kupanga Ziara ya Familia Mombasa, Kutoka Ngomeni Hadi kwa Fundi

Si ajabu kumpata mtoto aliyezaliwa na kulelewa Mombasa ambaye hajawahi kuingia Ngomeni, wala kumwona fundi akigeuza gogo kuwa twiga. Wageni husafiri masafa marefu kuja kuviona vitu hivyo, ilhali mwenyeji huvipita kila siku akienda kazini. Likizo inapofika, familia nyingi hudhani kwamba kutembea ni lazima kuende mbali na kugharimu pesa nyingi.

Somo hili linaeleza jinsi familia inavyoweza kupanga ziara ya siku moja ndani ya kaunti, ikaona historia, ikanunua kazi ya mikono na kurudi nyumbani bila deni. Msingi wake ni huu: fedha za fundi zitengwe kabla ya safari, na mnunuzi ajue anachokinunua.

Hatua ya kwanza: Kikao cha nyumbani

Ziara nzuri huanzia sebuleni. Wazazi wakae na watoto, kila mmoja ataje kitu kimoja anachotaka kukiona. Kisha familia ichague sehemu mbili au tatu tu. Orodha ndefu huwachosha watoto na wazee, na mwishowe hakuna kinachoonekana vizuri.

Siku nayo ichaguliwe kwa makini. Mwezi wa Aprili na Mei ni msimu wa mvua za masika, na vichochoro vya Mji wa Kale huwa na utelezi. Likizo ya Agosti huangukia wakati wa kusi, ambapo jua si kali sana. Siku ya Ijumaa, maduka mengi ya Mji wa Kale hufungwa adhuhuri kwa ajili ya swala, kwa hivyo anayetaka kununua siku hiyo awahi asubuhi au asubiri alasiri.

Hatua ya pili: Bajeti ya mafungu matano

Kosa la kawaida ni kuziweka fedha zote mfuko mmoja. Nauli na chakula huzila zote, na familia inapofika kwa fundi hubaki kutazama tu. Dawa yake ni kuzigawa fedha mafungu matano: nauli, kiingilio, chakula na maji, manunuzi, na dharura.

Mfano: familia ya watu sita kutoka Kisauni imeweka akiba ya shilingi 6,000. Inaweza kutenga shilingi 1,200 za nauli, 1,200 za kiingilio, 1,500 za chakula na maji, 1,500 za manunuzi na 600 za dharura. Hesabu hii ni ya kufundishia tu. Kila familia iulize nauli na viingilio vya siku hiyo kabla ya kuondoka. Kupika nyumbani na kubeba chakula hupunguza gharama, na kinachookolewa kiongezwe kwenye fungu la manunuzi.

Raia wa Kenya hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni katika Makavazi ya Kitaifa, kwa hivyo watu wazima wabebe vitambulisho. Malipo hufanywa kupitia eCitizen, na ni vyema simu iwe na chaji na pesa kabla ya kufika langoni.

Hatua ya tatu: Njia ya kutembea

Ziara ianzie Ngomeni asubuhi, kabla ya jua kupanda. Ngome hiyo, Fort Jesus, ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596. Waomani waliizingira kuanzia 1696 na kuiteka mwaka wa 1698. Waingereza waliigeuza gereza kuanzia 1895 hadi 1958, na mwaka wa 2011 UNESCO iliiweka katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ndani yake watoto waonyeshwe vitu vilivyopatikana katika mabaki ya Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama karibu na ngome mwaka wa 1697.

Kutoka hapo familia ishike barabara ya Ndia Kuu kwa miguu, itazame milango ya nakshi na roshani za mbao hadi karibu na bandari ya kale. Kisha ielekee Marikiti kwenye harufu ya viungo, na imalizie Biashara Street, mtaa wa leso.

Changamwe, waliko wachongaji wa ushirika wa Akamba Handicraft, ni upande wa bara. Familia yenye watoto wadogo ni heri iitengee siku yake. Ushirika huo ulianzishwa mwaka wa 1963. Sanaa ya uchongaji miongoni mwa Wakamba husimuliwa kuwa ilianza na Mutisya Munge wa Wamunyu, Machakos, aliyejifunza Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Hatua ya nne: Kununua kwa macho yaliyofunguka

Vinyago. Mpingo halisi ni mzito, huzama majini, na weusi wake umeingia hadi ndani. Baadhi ya vinyago ni vya mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu. Mnunuzi anuse, apime uzito mkononi, na atazame sehemu ya chini ambako rangi haikufika. Achunguze nyufa pia, kwa kuwa mti uliochongwa kabla ya kukauka hupasuka baadaye. Muhugu na mpingo hukua polepole na vimepungua misituni kwa sababu ya kukatwa. Kinyago cha mwarobaini au mwembe si duni. Kukinunua ni kuupumzisha msitu.

Leso. Leso ina sehemu tatu: pindo, mji na jina. Huuzwa mbili pamoja, kisha hukatwa na kupindwa. Jina lisomwe kwa sauti kabla ya kulipa, maana leso ya zawadi huzungumza. Jina la kijembe likipelekwa kwa mama mkwe linaweza kuzua maneno.

Vyondo. Kiondo cha katani kilichosukwa kwa mkono hakifanani kabisa na mwenzake. Kikiwa na vipimo sawa kila upande kama vya mashine, muuzaji aulizwe kilitoka wapi.

Kupatana bei ni desturi, lakini kuwe na kiasi. Mnunuzi aulize kwanza kazi hiyo ilichukua siku ngapi. Akishajua, ataona mwenyewe bei ipi inamwacha fundi na chakula cha jioni.

Kuna bidhaa ambazo hazifai kununuliwa hata zikiwa rahisi. Pembe za ndovu na magamba ya kasa ni marufuku chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, na anayepatikana navyo hushtakiwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa nayo ilipigwa marufuku mwaka wa 2017, hivyo familia ibebe kikapu chake.

Adabu za matembezi

Mji wa Kale ni makazi ya watu. Mavazi yawe ya heshima, picha zipigwe kwa idhini, na wazee waamkiwe. Watoto wafundishwe kumwambia fundi "shikamoo" na "pole na kazi" kabla ya kushika bidhaa yake.

Zoezi la familia

1. Taja sehemu mbili katika wadi yenu ambazo mtoto wenu hajawahi kuziona.
2. Gawa shilingi 4,000 katika mafungu matano kwa familia ya watu wanne. Fungu la manunuzi limebaki na kiasi gani?
3. Mtoto achague kitu kimoja cha mkono kilichomo nyumbani, aeleze kimetengenezwa kwa nini na nani alikitengeneza. Asipojua, hilo ndilo swali la kwenda nalo kwa fundi.